Hunteri Alikuwa Nani? Uhakiki wa Jina la Ndege

Miaka michache iliyopita nilifanya kosa mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Tulikuwa tumekwenda kuwatazama ndege katika vichaka vikavu kando ya barabara iendayo Mombasa. Mwanafunzi mmoja alimwona chozi dume akinyonya maua: mwili mweusi kama makaa, kifua chekundu kama damu, na kiunoni rangi ya zambarau iliyometameta kila alipogeuka juani. Nilifungua orodha ya ndege niliyokuwa nimeichukua, nikawasomea jina lake la kisayansi: Chalcomitra hunteri.

"Mwalimu, huyo hunteri ni nani?" aliuliza mmoja.

Sikusita hata kidogo. Niliwaambia kwamba ni John Alexander Hunter, mwindaji mashuhuri aliyeandika kitabu cha maisha yake mwaka 1952, na ambaye jina lake limo hata katika nyumba ya wageni iliyoko Kiboko, si mbali na pale tulipokuwa tumesimama. Wanafunzi wote wakaandika katika madaftari yao. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa nyuma akainua mkono, akasema kwa adabu: "Mwalimu, hapa baada ya jina la ndege pameandikwa 1889. Bwana huyo alizaliwa mwaka gani?"

Sikuwa na jibu. Niliahidi kulitafuta, nikawaongoza kurudi garini huku nikiona haya. Maana mwalimu asemaye jambo asilolijua kwa sauti ya mtu alijuaye ametenda kosa kubwa kuliko yule akaaye kimya. Aliyekaa kimya hajampotosha mtu. Mimi nilikuwa nimewapotosha watu thelathini na wanane kwa pumzi moja.

Huenda msomaji akauliza: je, jambo hili la ndege lina uhusiano gani na uhakiki? Shuleni tumezoea kuhakiki hadithi, tamthilia na mashairi. Walakini jina nalo ni utungo, ingawa ni mfupi. Lina mtunzi wake, lina mwaka wake, lina kanuni zake za sarufi. Nalo, kama shairi la mafumbo, husema machache na kuficha mengi. Asomaye jina kwa haraka hupotea sawasawa na asomaye shairi kwa haraka: hujitilia maana yake mwenyewe, kisha akadai kwamba ni ya mtunzi. Basi na tulihakiki jina hili kwa utaratibu. Kwanza tutazame kilichoandikwa, kisha tuulize ni nini ambacho hakikuandikwa.

Katika vitabu vya wataalamu, jina lote la chozi wetu huandikwa hivi: Chalcomitra hunteri (Shelley, 1889). Ni maneno mawili ya jina lenyewe, kisha jina la mtu na mwaka, vyote viwili vikiwa ndani ya mabano. Hapana alama iliyowekwa bure.

Neno la kwanza, Chalcomitra, ni jina la jenasi, yaani ukoo anaoshiriki na ndugu zake wa karibu. Neno la pili, hunteri, ni lake yeye peke yake katika ukoo huo, nalo ndilo lenye fumbo letu. Huandikwa kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu, kwa sababu kanuni za majina ya wanyama haziruhusu herufi kubwa mahali hapo. Hivyo msomaji akosaye kuijua kanuni hii aweza kudhani kwamba hunteri ni neno la kawaida, lenye maana ya mwindaji tu kama lilivyo neno la Kiingereza. Dhana hiyo haisimami. Mtaalamu wa karne ya 19 aliyetaka kusema mwindaji alikuwa na neno la Kilatini tayari, nalo ni venator. Hakuwa na haja ya kuazima kwa Waingereza.

Herufi ya mwisho ndiyo ufunguo. Ile i iliyotiwa mwishoni mwa Hunter ni ya sarufi ya Kilatini, nayo hufanya kazi ifanywayo na "wa" katika Kiswahili. Chalcomitra hunteri ni sawa na kusema "chozi wa Hunter." Lakini Kilatini hutenganisha mume na mke, jambo ambalo Kiswahili chetu hakilifanyi. Aheshimiwaye akiwa mwanamume mmoja, jina humalizikia i. Akiwa mwanamke mmoja, humalizikia ae. Mfano wa pili tunao hapa nyumbani. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, yuko bundi mdogo sana aitwaye Otus ireneae. Alipewa jina hilo mwaka 1966, na kwa ule mwisho wake twatambua mara moja, kabla hatujafungua kitabu chochote, kwamba aliyetukuzwa ni mwanamke. Naye alikuwa Irene Morden. Basi kwa herufi moja tu tumekwisha jua mambo mawili juu ya hunteri: ni mtu, tena ni mwanamume.

Sasa natutazame jina la Shelley. Wanafunzi wengi hudhani kwamba jina lifuatalo ndilo la mtu aliyempata ndege. Sivyo. Hilo ni jina la mtunzi, yaani mtu aliyeandika maelezo ya kwanza ya ndege huyo na kuyachapisha pamoja na jina jipya. Shelley huyu ni George Ernest Shelley, kapteni wa jeshi la Uingereza aliyejishughulisha sana na ndege wa Afrika. Wapenzi wa fasihi watafurahi kusikia kwamba alikuwa mtoto wa ndugu yake Percy Bysshe Shelley, mshairi maarufu wa Kiingereza.

Mabano nayo yana neno la kusema. Yatuarifu kwamba Shelley alipomtaja ndege huyu mara ya kwanza alimweka katika jenasi nyingine, nayo ilikuwa Cinnyris. Wataalamu waliofuata ndio waliomhamisha. Kuna ndege wa pili mwenye jina hilo hilo, Cisticola hunteri Shelley, 1889, naye hana mabano, maana yu katika jenasi ile ile aliyowekwa tangu mwanzo. Huyu ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, akaaye nyanda za juu na kwenye miteremko ya milima yetu mikubwa, na mtu hawezi kumsahau kwa namna aimbavyo: huimba wawili wawili, au kikundi kizima, wakipokezana kwa haraka hata msikilizaji akadhani ni ndege mmoja.

Tuna mashahidi watatu sasa: ni mwanamume, jina lilitungwa na Shelley, na mwaka ulikuwa 1889. Na tuwaite washukiwa wetu, mmoja baada ya mwingine, kama afanyavyo hakimu mwadilifu.

Mshukiwa wa kwanza ni yule niliyewatajia wanafunzi wangu. John Alexander Hunter alizaliwa Uskochi mwaka 1887, akaja Afrika ya Mashariki mwaka 1908. Shelley alipokuwa akiandika, mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili! Hajashika bunduki, pengine hata viatu hajajua kuvivaa mwenyewe. Jawabu langu lilivunjwa na tarakimu nne zilizokuwa mbele ya macho yangu, ambazo mimi niliziruka na msichana wa kidato cha pili akazisoma.

Mshukiwa wa pili ni John Hunter mwingine, daktari mpasuaji wa London aliyeishi tangu 1728 hata 1793, aliyekusanya viungo vya viumbe wa kila namna, na makumbusho yake yajulikana hata leo. Mtu wa elimu kama huyu angeweza kuheshimiwa baada ya kufa kwake, na miaka haimkatazi. Lakini asiyekatazwa na miaka si lazima awe ndiye. Yatupasa kupata neno la mtunzi mwenyewe.

Neno hilo lipo. Mwaka 1889, katika taarifa za mikutano ya Chama cha Elimu ya Wanyama cha London, Shelley alichapisha makala juu ya ndege waliokusanywa Afrika ya Mashariki na Bwana H. C. V. Hunter. Kichwa cha makala chenyewe chamtaja. Katika mwaka huo huo, na katika taarifa hizo hizo, katibu wa chama hicho, Philip Lutley Sclater, alimtaja kwa mara ya kwanza mnyama mmoja wa nchi yetu kutoka mto Tana, akamwita kwa jina la Hunter pia. Huyo ndiye hirola, ambaye jina lake leo ni Beatragus hunteri (Sclater, 1889). Mabano yake yana haki kabisa, kwani Sclater alimweka kwanza miongoni mwa jamaa za kuro, na baadaye akahamishwa zaidi ya mara moja.

Basi hunteri ni Henry Charles Vicars Hunter, Mwingereza aliyekuja kuwinda katika nchi za Kilimanjaro na Tana miaka ya 1880, akawa anakausha ngozi za ndege na kuzipeleka kwao. Kwa hiyo hata dhana ya "mwindaji" haikuwa ya uongo mtupu: mtu huyu aliitwa Hunter, tena alikuwa mwindaji. Lakini tumefika kwenye ukweli kwa ushahidi, wala si kwa bahati, na tofauti ya njia hizi mbili ndiyo elimu yenyewe.

Msomaji asidhani kwamba mtego huu ni mmoja tu. Yuko kwera wa pwani yetu aonekanaye katika kaunti ya Kilifi na si penginepo, jina lake Ploceus golandi. Kwa Kiingereza huitwa kwera wa Clarke. Clarke yupi? Mtunzi wa jina, mwaka 1913, alikuwa Stephenson Clarke. Ukikomea hapo utasema kwamba alijipa heshima mwenyewe, jambo ambalo wataalamu huliona ni utovu wa adabu. Kumbe golandi ni jina la kwanza la ndugu yake, Goland Clarke, aliyempata ndege huyo. Angelitumia jina la ukoo, watu wangelidhani ajisifu. Akatumia jina la nyumbani, na heshima ikamfikia aliyestahili.

Hapa kazi ya kutafuta yaisha, na uhakiki wenyewe waanza. Tumejua jina lasema nini. Sasa tuulize ni nini ambacho halisemi.

Hunter hakutembea peke yake kutoka pwani hata Kilimanjaro. Katika miaka ile hapakuwa na reli wala gari. Kila msafara ulikwenda kwa miguu ya wapagazi, na mizigo yote, hata yale masanduku ya ngozi za ndege, ilikwenda juu ya vichwa na mabega yao. Kulikuwa na viongozi wa njia waliojua maji yako wapi. Kulikuwa na wenyeji waliojua kila ndege hulala mti gani na hulia saa ngapi. Hirola alikuwa na jina kabla ya Sclater kuzaliwa. Wasomali humwita arawla. Katika jina hunteri hayumo hata mmoja wa watu hawa. Jina la kisayansi lina nafasi ya mtu mmoja, na katika nyakati zile mtu huyo alikuwa karibu kila mara yule aliyekuwa na fedha, bunduki, na rafiki katika chama cha London.

Kwa sababu hii wako watu leo wasemao kwamba majina ya watu yaondolewe kabisa kwa viumbe. Hoja yao si nyepesi. Mnamo Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake walioitwa kwa majina ya watu. Lakini majina ya kisayansi hayakuguswa. Na katika mwaka huo huo tume ya kimataifa isimamiayo majina ya wanyama ilieleza kwamba haitayafuta kwa sababu za namna hiyo, maana kazi ya jina ni kudumu, ili watu wa vizazi na nchi mbalimbali wajue kwamba wanamsema kiumbe mmoja.

Mimi nakubaliana na pande zote mbili, kila moja mahali pake. Majina ya lugha za kila siku ni mali ya wasemaji, nao wana haki ya kuyachagua. Twaona jambo hilo kwa hirola: zamani vitabu vya Kiingereza vilimwita kwa jina la Hunter, lakini leo hata Waingereza wenyewe humwita hirola, na jina la wenyeji limeshinda bila vita. Ni lazima tuongeze kwa huzuni kwamba mnyama mwenyewe hajashinda. Wamebaki mia chache tu, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, na jina zuri halitawaokoa. Lakini jina la kisayansi naliona kama hati ya zamani. Hati ikiwa na upendeleo, hatuichomi moto. Twaisoma kwa macho makali, na kuandika kando yake yale iliyoyaacha.

Tena kanuni zile zile zilizomtukuza Hunter ziliweza, mara moja moja, kumtukuza mtu wa upande wa pili. Mwaka 1964, mwezi wa Septemba, wiki chache kabla ya Zambia kupata uhuru, ndege mmoja mdogo alipatikana mahali paitwapo Mayau, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Alikuwa wa jamii ya wale ndege ambao mlio wao ni kama nyundo ya mhunzi, ila kifua chake kilikuwa cheupe kuliko cha ndugu zake. Mwaka uliofuata Constantine Walter Benson na mwenzake Irwin walimtangaza kuwa spishi mpya, wakamwita Pogoniulus makawai. Soma ule mwisho: mwanamume mmoja, jina lake Makawa. Huyu ni Jali Makawa, Mwafrika aliyefanya kazi ya kukusanya ndege pamoja na Benson kwa miaka mingi. Benson angaliweza kuchagua bwana mkubwa yeyote wa Uingereza. Alimchagua mtu aliyejua kazi.

Hapa natamani ningemalizia kwa furaha, lakini ukweli wakataa. Tangu siku ile hapana mtu aliyemwona tena ndege wa namna hiyo. Kielelezo ni kimoja tu, nacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Tring, Uingereza. Miaka ya karibuni wataalamu walichunguza chembe zake za urithi, na matokeo yaelekeza kwamba huenda hakuwa spishi ya pekee, bali ndege mwenye kasoro ya rangi tu wa spishi nyingine ijulikanayo sana. Hivyo Hunter ana ndege wawili na mnyama mmoja wasio na shaka, na Makawa ana ndege mmoja mwenye shaka. Tusifiche jambo hili kwa kuwa twampenda Makawa. Mhakiki akiipindua mizani kwa ajili ya ampendaye, hana tofauti na wale walioipindua zamani kwa ajili ya wakubwa. Ndege akiondolewa katika orodha, jina makawai litabaki katika kumbukumbu za elimu daima pamoja na mwaka wake, na ustadi wa Makawa hautegemei unyoya mmoja. Nasi twaweza kumtaja, kama ninavyomtaja sasa.

Basi, ewe mwanafunzi, ukutanapo na jina la namna hii, uliza maswali manne kabla ya kufungua kinywa chako. Neno hilo lamalizikia nini? Ni nani aliyelitunga, na mwaka gani? Je, yeye mwenyewe alieleza sababu yake? Na swali la mwisho, ambalo kitabu hakitakuuliza: ni nani wengine waliokuwapo siku hiyo, na kwa nini hawakutajwa? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi naongeza kwamba kujibu bila kuuliza ndio ujinga wenyewe.

Wiki iliyofuata nilirudi katika darasa lile. Niliwaambia wafungue madaftari yao, wakate kwa mstari yale niliyowaandikisha, wala wasiyafute, ili kosa langu lionekane. Kisha nikaandika ubaoni: Henry Charles Vicars Hunter. Wakaandika. Yule msichana akainua mkono tena. Alitaka kujua majina ya wapagazi. Nikamwambia kwamba hilo sikulijua, na safari hii nilisema kweli.